Cochrane Library kwa afisa wa afya: ghala zuri, mlango una mitego

Ukitaka kujua kama afua fulani inafanya kazi kabla ya kuiwekea bajeti, anzia hapa. Mtandao wa watafiti wa Cochrane, ulioanzishwa 1993, hukusanya majaribio yote yanayopatikana kuhusu swali moja na kuyapima kwa pamoja; ripoti zake, ziitwazo mapitio, huwekwa kwenye maktaba hii ya mtandaoni.

Utafutaji ndio unaochosha. Ukifunga maneno kwa alama za kunukuu, nyota ya kukata neno ili kupata miisho yake yote (mosquito*) haifanyi kazi ndani yake. Tumia NEXT kati ya maneno badala ya alama hizo. Majibu yakija, angalia uko kichupo gani: «Protocols» ni mipango tu, haina matokeo, na wageni wengi hujikwaa papo hapo. «Trials» nako ni majaribio mojamoja ambayo hayajachambuliwa.

Ukifungua mapitio, ruka moja kwa moja hadi jedwali la muhtasari wa matokeo. Kila tokeo lina daraja la uhakika: juu, wastani, chini au chini sana. Kwenye mchoro wa matokeo, almasi (jumla ya majaribio yote) ikigusa mstari wa wima (hakuna tofauti), usitangaze ushindi. Kisha tazama tarehe ya utafutaji wa mwisho, si ya kuchapishwa. Zinaweza kupishana kwa mwaka au zaidi, na majaribio mapya yakawa nje.

Bei? Mapitio mengi hufunguliwa bure miezi 12 baada ya kuchapwa, na taasisi za nchi zinazostahili huingia kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kuzifungulia nchi za kipato cha chini na cha kati machapisho ya afya. Kasoro kubwa: yatakuambia dawa inafaa, lakini mara chache yatakuambia itafikaje zahanati isiyo na jokofu.