Kumwacha mrushaji au kumtoa mapema?
Ijumaa iliyopita kocha wa timu ya besiboli ya chuo ninayoishabikia hapa Marekani alimwacha mrushaji wetu, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, hadi mrusho wa 118. Kiwiko kilishaanza kushuka, mipira inapita juu katikati, pale ni rahisi kupigwa, na wapigaji wanaokutana naye mara ya tatu walishamzoea. Roho iliniuma kweli.

Kumwacha kuna faida: mechi ni tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na warushaji wa akiba wanapumzika. Lakini kano ya kiwiko ikichanika, ni upasuaji kama aliofanyiwa mrushaji Tommy John mwaka 1974, kisha mwaka mzima au zaidi nje ya uwanja. Kijana ana miaka 20 tu!

Wa akiba naye anaweza kuingia bila kupasha misuli vizuri, akagawa besi za bure, yaani mpigaji anapewa kituo cha kwanza bila kupiga kwa sababu ya mirusho mibovu. Hata hivyo, mimi ningemtoa kwenye mrusho wa 95.