Nililipia gemu la nota, sikio langu linasikia kingine

Wiki kadhaa zilizopita nililipia nyimbo za ziada kwenye gemu moja la simu, lile la kugonga nota zinaposhuka kwenye mistari minne. Picha safi, sauti safi, hapo sina ugomvi. Aliyenichosha roho ni mtu aliyepanga nota. Huyu mtu hasikilizi wimbo!

Mimi napiga kinanda kwaya, miaka sasa. Do, mi, so, do ya juu: mkono unatoka kushoto kwenda kulia, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Wimbo wa kwanza una kipande hichohicho, ngoma zimenyamaza, kinanda kinapanda peke yake. Nota zikashuka mstari wa nne, wa kwanza, wa tatu, wa kwanza tena. Sauti inapanda, kidole kinarukaruka kama panzi. Mbele kidogo kinanda kinarudia so ileile mara nne, gemu likaitawanya mistari yote minne. Sauti haijasogea, mimi nasogezwa kwa nini?

Najua mistari minne haitoshi oktavu nzima, yaani do hadi do ya juu, na sidai kila nota ipewe mstari wake. Guitar Hero, lile gemu la gitaa la 2005, lilikuwa na vitufe vitano tu, kijani mwanzo, chungwa mwisho. Muziki ukipanda, vidole navyo vinaelekea kwenye chungwa; vitufe vikiisha unarudi nyuma na kuanza kupanda upya. Sikio linakubali, kwa sababu mwelekeo haujavunjwa. Ndicho ninachotaka. Na pale ngoma zinapoongoza, nota zifuate ngoma, sina neno.

Nikawaandikia. Jibu: "Ndugu mteja, unaweza kupunguza ugumu kwenye mipangilio." Ugumu! Nani kalalamikia ugumu? Nikaeleza tena kwa solfa, sauti moja moja. Nikaletewa maneno yaleyale, hata nukta haikubadilika. Nikalifuta gemu usiku uleule.

Halafu nikalirudisha, maana hela yangu imo humo. Ndipo nikafika wimbo wa mwisho, wa polepole. Fa, mi, re, do: nota zinateremka kutoka mstari wa nne hadi wa kwanza, na ile do ni nota ndefu, unaikandamiza kwa kidole gumba mpaka sauti izimike yenyewe. Nywele zilinisimama. Nilihisi niko kwenye kinanda changu. Aliyepanga wimbo huo ana sikio, jamani, tena sikio hasa! Nilikaribia kuwapa nyota tano.

Lakini hasira ikarudi na nguvu mpya: kumbe wanaweza! Nyimbo 12 nimelipia, uliopangwa ni mmoja. Nawapa nyota mbili, na zote ni za huyo wa wimbo wa mwisho. Mpeni na hizo 11 azipange upya, nami nitalipa tena.