Mtumbwi wa Mabamba: utamwona korongo-nyangumi akivua?

Safari ya mtumbwi katika kinamasi cha Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, huuzwa kwa jina la ndege mmoja: korongo-nyangumi, ambaye Waganda humwita bbulwe. Kumwona amesimama si kazi ngumu sana hapo. Kumwona akivua ni jambo jingine, na kwa kipimo hicho huduma hii tunaipa alama za juu kwa sharti moja: uagize mtumbwi wa kafi na pondo, na ulipie asubuhi nzima.

Sharti hilo linatokana na ndege mwenyewe. Kimo chake ni sentimita 110 hadi 140, mabawa yakikunjuliwa hupita mita 2, lakini hatembeitembei kama yangeyange. Husimama juu ya mkeka wa majani unaoelea, mdomo ameulaza kifuani, asijongee kwa muda mrefu mno. Anayemsubiri hasa ni samaki aitwaye kamongo. Maji ya kwenye mafunjo yana hewa haba, na kamongo ana mapafu, kwa hiyo hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Kijidimbwi cha upana wa karai katikati ya majani ndicho mlango wake, na bbulwe hukaa hapo mlangoni.

Maji yakitikisika, hashushi mdomo peke yake kama korongo. Mwili wote huanguka mbele kwa pamoja, mabawa yakafunguka kumzuia asipinduke, mdomo ukazama na kufumba papo hapo. Huinuka na mzigo mzima: majani, tope na samaki. Sasa usiondoe darubini machoni. Huufumbua mdomo kidogo tu, akautikisa kushoto na kulia, majani yakaporomoka nyuzi kwa nyuzi huku samaki amebanwa na ile ndoana ya nchani. Kingo za mdomo zina makali. Mara nyingi humkata samaki kichwa kabla ya kummeza, kisha hunywa maji.

Akikosa, hujiinua taratibu na kuanza kusubiri upya, aghalabu mahali pengine. Ndiyo maana injini ni tatizo. Wimbi lake huutikisa mkeka anaosimamia, naye huruka akaenda kutua mbali ndani ya mafunjo ambako mtumbwi haupiti. Injini inafaa kukufikisha kwenye mdomo wa mfereji tu. Toka hapo izimwe, mwendo uwe wa pondo. Mkubaliane hivyo mwaloni, pale mitumbwi inapoanzia safari, kabla ya kutoa pesa, pamoja na saa mtakazokaa majini. Bila makubaliano, boti nyingi humsogelea ndege, watu wakapiga picha, kisha zikageuza.

Kasoro nyingine ni msongamano. Waongozaji hupigiana simu ndege akionekana, jambo linalowasaidia wageni wa siku moja, lakini mitumbwi sita ikijipanga kwenye mfereji mmoja hakuna uwindaji utakaouona. Ikitokea hivyo, mwombe mwongozaji arudi nyuma mita 30 au zaidi na kungoja wengine waondoke. Asikubali kufyeka majani ili mkaribie.

Mtumbwi mmoja tunashauri uchukue abiria watatu, mwongozaji na mpiga kafi. Ndege akionekana wote huegemea upande mmoja, na ubao wa pembeni uko karibu sana na maji, hivyo boya livaliwe tangu mwaloni. Stendi ya kamera ya miguu mitatu haina kazi humo kwa sababu sakafu inayumba. Lenzi ya milimita 400, viwiko juu ya magoti, inatosha.

Anza saa 1 asubuhi. Ukitokea Entebbe kuna kivuko cha Nakiwogo kwenda Buwaya, kisha bodaboda. Ratiba iulizwe siku iliyotangulia, kwani ukikikosa cha mapema umepoteza saa nzuri zote.

Waongozaji ndio nguvu ya huduma hii. Wengi ni wa vijiji vya hapo hapo, ambako wavuvi waliamini kuwa kumwona bbulwe ni mkosi wa kurudi bila samaki, wakawa wanamuua. Leo ndege huyo huyo ndiye anayeleta fedha, na kinamasi chenye hekta 2,424 kimo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2006. Mkodi mwongozaji wa hapo mwaloni, fedha ibaki kijijini.

Kitu kimoja usikiombe kamwe: kupelekwa kwenye kiota. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, na kifaranga anayekua ni mmoja tu. Wazazi wakifukuzwa wakati wa jua kali, hakuna wa kumtia kivuli wala kummwagia maji wanayomletea kwa mdomo.