Kinga ya kelele na joto ndani ya gari la spoti: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Gari la spoti lina bati jembamba, matairi mapana na ekzosi inayopita karibu kabisa na miguu ya dereva. Kelele na joto huingia kwa njia tofauti, na hakuna bidhaa moja inayoziba njia zote, hata kama boksi limeandikwa hivyo. Juu ya hayo kuna suala la uzito, ambalo mwenye gari la familia halimsumbui sana. Kilo 40 zilizotandazwa bila hesabu utazisikia kwenye kona na kwenye breki. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa swali moja: kila kilo unayoongeza inapunguza kelele au joto kiasi gani?

Kabla ya kutoa hela, kagua raba za milango. Fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, raba hapo haibani, na upepo utakaopigia hapo mwendo ukizidi kilomita 80 kwa saa hautazuiwa na kitu chochote utakachobandika sakafuni. Ingiza mkono chini ya dashibodi, tafuta matundu ya nyaya na ya kebo yanayotoka upande wa injini. Mara nyingi raba zake zimepasuka au hazipo kabisa. Tundu lenye asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hufanya ukuta usiweze kupunguza kelele kwa zaidi ya takriban desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha sauti), hata ukuta wenyewe uwe mzito namna gani. Raba mpya na butili kidogo (raba laini inayonata) ya kuzibia ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na haiongezi hata nusu kilo.

Nafasi ya 1: shiti za butili zenye foili ya alumini

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Shiti ina tabaka mbili: butili inayonata, na juu yake foili ngumu. Bati linapotetemeka, butili inavutwa kati ya bati na foili, na nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto dogo. Gonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Kabla utasikia mlio mrefu kama wa debe tupu. Baada, mlio mfupi unaokatika papo hapo.

Tafuta shiti yenye unene wa milimita 2 hivi na foili ya mikroni 100, yaani milimita 0.1. Foili ya mikroni 50 inakunjika kwa ukucha, na inaondoa sehemu kubwa ya faida, kwa sababu kazi ya foili ni kuizuia butili isicheze kwa uhuru. Unene wa butili peke yake usikudanganye: milimita 4 chini ya foili laini ni uzito wa bure. Shiti ya milimita 2 ina uzito wa takriban kilo 3 kwa mita ya mraba.

Kosa linalofanywa na wengi ni kufunika bati lote. Shiti hizi hufanya kazi kubwa zaidi katikati ya eneo lililo bapa, pale bati linapocheza zaidi. Ukifunika asilimia 25 hadi 40 umepata sehemu kubwa ya faida. Asilimia 60 zilizobaki zinaongeza kilo kuliko utulivu. Pale kiwanda kilipokunja mbavu kwenye bati tayari pako imara, paruke. Weka vipande sakafuni chini ya miguu, kwenye mgongo wa katikati unaofunika giaboksi, juu ya matao ya matairi ya nyuma, na kwenye bati la nje la kila mlango.

Jihadhari na bidhaa za lami zinazouzwa kwa jina la butili. Vuta kipande cha pembeni: butili halisi inanyumbuka na kutoa nyuzi ndefu, lami inakatika na kunuka barabara mpya. Ukiwa na shaka, bandika kipande kwenye bati lililosimama wima, kiweke penye nyuzi joto 80 kwa saa kadhaa. Gari lililoegeshwa juani linaweza kufikia kiwango hicho kwenye paa na milango. Lami hulainika, huteleza, na mwisho hudondokea kwenye mitambo ya kioo cha mlango.

Aina ya bodi nayo ina neno lake. Chevrolet Corvette imekuwa na bodi ya faibaglasi na michanganyiko yake tangu 1953, na sakafu ya kizazi cha C5 ina mti wa balsa katikati ya tabaka zake. Sakafu ya namna hiyo hailii kama bati la chuma, hivyo butili nyingi hapo ni hasara. Kwenye gari kama hilo, hela nyingi ziende kwenye nafasi ya 2 na ya 3.

Nafasi ya 2: sponji isiyonyonya maji

Tunazungumzia sponji ya polyethilini au ya raba ya nitraili, ambayo vijishimo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Inazuia joto linalopanda kutoka kwenye bati, na inakata msuguano wa plastiki na bati unaoleta milio midogo ya kuudhi. Polyethilini ya milimita 6 yenye densiti ya kilo 30 kwa mita ya ujazo ina uzito wa gramu 180 tu kwa mita ya mraba. Sakafu nzima, mgongo wa katikati na ukuta wa nyuma ya siti utavifunika vyote kwa takriban kilo 1. Hapa sasa, tofauti na butili, funika kila sehemu, maana joto hupita pale palipoachwa wazi.

Jaribio lake ni rahisi: pima kipande kwa mizani, kizamishe kwenye maji usiku kucha huku kimekandamizwa, kifute, kipime tena. Kikiwa kizito zaidi, kirudishe. Sponji inayonyonya chini ya kapeti hushika maji mwaka mzima na kuitafuna sakafu kwa kutu bila wewe kuona.

Unene usizidi milimita 10 sakafuni, na chini ya pedeli usizidi milimita 4. Hili si suala la starehe. Kapeti iliyoinuliwa inaweza kuikamata pedeli ya mafuta ikabaki chini, au kuizuia klachi isifike mwisho. Bonyeza kila pedeli hadi mwisho kwa mkono kabla ya kufunga chochote.

Nafasi ya 3: kinga ya mnururisho, lakini upande wa nje

Joto la mnururisho ni lile linaloruka hewani kutoka kwenye kitu cha moto bila kukigusa, na alumini inayong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 90 yake. Ila sharti lake ni hewa: lazima uso unaong'aa uwe na nafasi wazi mbele yake, sentimita 2 hivi au zaidi. Ukiibana foili kati ya bati na kapeti haina cha kurudisha, inapitisha joto moja kwa moja kwa sababu alumini ni kipitishi kizuri. Ndiyo sababu wengi hutandika shiti za kung'aa ndani ya gari kisha wanalalamika kwamba mguu wa kulia bado unaungua.

Nunua ngao ya alumini iliyofinyangwa yenye nyuzi za kioo nyuma yake, na uifunge chini ya gari, kati ya ekzosi na sakafu, kwa bolti na washa za kuiinua kutoka kwenye bati. Sehemu ya kwanza ni juu ya masega ya ekzosi (kopo la kusafisha moshi, "catalytic converter"), ya pili ni mgongo wa katikati. Gundi peke yake haitoshi karibu na ekzosi. Itaachia, na shiti itaangukia bomba lenye moto. Angalia pia ngao za kiwandani, maana nyingi huwa zimeliwa na kutu kwenye bolti na kutupwa na fundi aliyebadilisha ekzosi.

Kwenye magari yenye injini katikati au nyuma na rejeta mbele, kama Lotus Elise na Porsche 911 ya kizazi cha 996, mabomba ya maji ya moto husafiri urefu wa gari, ndani ya kizingiti cha mlango au chini ya sakafu. Hapo dawa ni kuvisha bomba lenyewe sponji ya nitraili. Usifunge ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya ekzosi.

Nafasi ya 4: pamba ya nyuzi za sintetiki

Nyuzi za polyesta na polipropilini, kama 3M Thinsulate ya magari, hunyonya kelele za hewa za sauti ya juu: upepo, mlio wa lami chini ya matairi. Ni nyepesi sana na hazishiki maji. Zijaze kwenye mashimo yaliyo tupu: nyuma ya mabodi ya plastiki ya buti, ndani ya paneli za robo ya nyuma, juu ya kitambaa cha paa. Usizikandamize. Nyuzi zilizobanwa kutoka milimita 20 hadi 5 zimepoteza kazi yake, hivyo chini ya kapeti si mahali pake.

Nafasi ya 5: vinaili nzito

Hii ni shiti ya plastiki nzito, ina unene wa takriban milimita 3 na uzito wa kilo 5 kwa mita ya mraba. Inafanya kazi kwa uzito tu: ukuta ukizidishwa uzito mara mbili, kelele inayopita hupungua kwa karibu desibeli 6. Ni kweli inazuia kelele ambazo hizo nyingine hazizuii, lakini inadai mambo mawili. Itenganishwe na bati kwa sponji ya nafasi ya 2, na iwe kipande kimoja au viungo vyake vifungwe kabisa. Kwenye gari la spoti tunaikubali mahali pamoja: ukuta kati ya dereva na injini iliyo nyuma yake. Mita ya mraba 1 hapo ni kilo 5 zenye kazi. Sakafu nzima hapana.

Nafasi ya 6: rangi za kupuliza

Rangi nene za kuzuia mtetemo au joto zinafaa pale shiti haikai, kama ndani ya matao ya matairi, gari likiwa limevuliwa kila kitu. Zinahitaji tabaka kadhaa, siku za kukauka, na kuziba kila uzi wa bolti kwa tepu. Kwa gari zima lisilo kwenye ukarabati mkubwa, ni usumbufu mwingi kwa faida ndogo.

Usinunue

Lami ya kuezekea, foili ya viputo ya majumbani, sponji ya magodoro, povu la kujaza mashimo linaloumuka (linashika maji na kuziba njia zake), na felti ya pamba kwenye gari la paa la kukunja. Pia chochote kisichotaja kipimo cha kuungua. Kanuni ya Marekani FMVSS 302 na ISO 3795 hupima kasi ya moto kwenye vifaa vya ndani ya gari. Kikomo cha FMVSS 302 ni milimita 102 kwa dakika.

Kiasi na kazi yenyewe

Kwa gari la siti 2, eneo lote la sakafu, mgongo, ukuta wa nyuma, matao na milango ni kama mita za mraba 6 hadi 7. Nunua butili mita za mraba 2.5, sponji mita za mraba 5, pamba mita za mraba 2. Jumla haifiki kilo 10 bila vinaili. Pima gari lako kwa magazeti kabla ya kukata. Vipande vya magazeti ndivyo vitakuwa ruwaza.

Toa waya hasi wa betri, kisha subiri muda ambao kitabu cha gari kimeutaja kabla ya kugusa soketi za manjano chini ya siti. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usiwashe swichi wakati siti ziko nje, la sivyo taa ya onyo itabaki mpaka ifutwe kwa mashine. Inua kapeti. Ikiwa imelowa, acha kazi ya kelele utafute maji yanakoingia. Kwenye Mazda MX-5, kwa mfano, mifereji iliyo nyuma ya siti huziba uchafu na maji hurudi ndani.

Safisha bati kwa alkoholi ya isopropili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bati liwe na nyuzi joto 20 au zaidi. Vaa glavu, foili inakata. Bandika, kisha pitisha rola kwa nguvu mpaka alama za kiwandani kwenye foili zilale kabisa. Palipobaki alama hapajashika, na joto likija hewa iliyofungiwa itainua shiti. Acha wazi bolti za athi (zinazofunga nyaya hasi kwenye bodi), plagi za raba za sakafuni, namba ya chesisi, matundu ya chini ya milango na sentimita 3 kuzunguka kila bolti ya siti. Siti na mikanda lazima vikae chuma kwa chuma. Kitu laini kikibanwa hapo kitasinyaa na bolti italegea. Kaza kwa spana ya torki, kwa kipimo cha kitabu.

Mlangoni, shusha na upandishe kioo mara kadhaa kabla ya kurudisha bodi la plastiki la ndani, na rudisha nailoni ya kuzuia maji kwa butili mpya. Kisha mimina chupa ya maji kwenye kioo kutoka nje na uone kama yanatoka chini ya mlango.

Usisubiri kinga hizi zikutibu ngurumo ya ekzosi. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 3 na zaidi. Sponji ya milimita 10 hailioni. Ngurumo inayokuja kwenye mzunguko mmoja tu na kuondoka, ipeleke kwa fundi wa ekzosi aongeze rezoneta, yaani kopo la ekzosi la kumeza ngurumo ya aina hiyo.