Umoja wa Ulaya: kauli moja au wingi wa kura?

Viongozi wa Umoja wa Ulaya wakigusia mageuzi, mabishano hurudi palepale: sera ya nje iendelee kuamuliwa kwa kauli moja ya nchi zote 27, au zitoshe nchi 15 zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja?

Kwa kasi, wingi wa kura unashinda bila ubishi. Desemba 2023 Waziri Mkuu wa Hungary, Viktor Orbán, alizuia peke yake msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine; ukapita Februari 2024. Mazungumzo ya uanachama wa Ukraine yaliidhinishwa yeye akiwa ametoka nje ya chumba. Mbinu ya ajabu, lakini ilifaa.

Utekelezaji ni habari nyingine. Mwaka 2015 mgawo wa wakimbizi 120,000 ulipitishwa kwa wingi wa kura. Hungary na Jamhuri ya Czech, zilizoupinga, ziligoma hadi zikafikishwa mahakamani. Kauli moja huchelewa, ila hakuna wa kudai alilazimishwa.

Kwa Ujerumani, yenye watu zaidi ya milioni 80, wingi unalipa. Kwa Malta ndogo, kura ya turufu, yaani uwezo wa nchi moja kuzuia uamuzi, ndiyo sauti. Moldova, inayosubiri mlangoni, ina sababu ya kuiogopa turufu leo na kuitaka ikishaingia.