Kununua Diski ya Nje Kigoma: Anza na Tundu la Waya

Malalamiko ninayoletewa kuhusu diski za nje hapa Kigoma yanafanana kiasi cha kuchosha. Mtu amenunua diski Mwanga au ameagiza kutoka Kariakoo, ameijaza picha za harusi, nakala za vyeti na kazi zake za miaka kadhaa, kisha anaichomeka na kompyuta haioni kitu. Akiusogeza waya kidogo taa inawaka, akiuachia inazimika. Mara nyingi diski yenyewe haina kosa lolote. Kilichokufa ni tundu dogo la kuchomekea waya, jambo ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi wala kasi. Diski za kubebeka zenye sahani zinazozunguka zinakaribiana sana kwa kasi, na anayehifadhi nakala za mafaili yake kila mwisho wa juma hataiona tofauti hiyo.

Tundu ninalolisema ni lile pana na bapa, lenye sehemu mbili zilizotenganishwa na pengo dogo, linaloitwa mikro-B la USB 3.0. Limeshikiliwa kwa risasi ya kuchomelea juu ya kibao cha saketi, na diski inaponing'inia kwa waya wake, au inaposafirishwa kwa basi kutoka Kasulu ikiwa imebanwa mkobani na waya haujachomolewa, nguvu yote huishia kwenye chembe hizo za risasi. Kabla ya kumwendea fundi, jaribu kwanza waya mwingine. Waya wa zamani wa simu wenye ncha ya mikro-USB huingia katika ile sehemu kubwa ya tundu hilo, na ukiwa ni waya unaopitisha data, si wa kuchajia tu, utayasoma mafaili yako, ingawa polepole.

Ikiwa waya mzima haukusaidia, ndipo tofauti ya kampuni inapojitokeza. Diski nyingi za kubebeka za WD na Toshiba zimetengenezwa tundu la USB likiwa juu ya kibao cha diski yenyewe, bila kiungo cha SATA ambacho hutumika ndani ya kompyuta. Fundi hana njia ya pembeni, hulazimika kuchomelea tundu jipya, nayo ni kazi ya vifaa maalumu na mkono uliotulia. Seagate Expansion, kwa kawaida, ni diski ya SATA iliyofungwa ndani ya kasha pamoja na kibao kidogo cha kuiunganisha na USB. Kibao hicho kikifa, fundi hulifungua kasha, huichomoa diski, huichomeka kwenye kasha jingine la bei ndogo au ndani ya kompyuta, na mafaili yote yanaonekana kama yalivyokuwa.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Seagate Expansion ya terabaiti 2, wala sioni haja ya kuficha upendeleo wangu. Sisemi kwamba Seagate haifi. Ikianguka sakafuni huku inazunguka itaumia kama nyingine zote. Ninachosema ni kwamba kasoro inayotokea mara nyingi zaidi hapa kwetu inatibika hapa hapa. Nachagua terabaiti 2 kwa sababu bei yake kwa kawaida haifiki mara mbili ya ile ya terabaiti 1, na kwa sababu diski ya ukubwa huo ni nyembamba, takriban milimita 7, hivyo inaingia katika nafasi ya diski ya kompyuta mpakato, tofauti na zile za terabaiti 4 na 5 ambazo ni nene. Usishtuke Windows ikikuonyesha 1.81 badala ya 2: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

Ya pili ni Transcend StoreJet 25M3, yenye ganda la raba na kinga ya mshtuko, ambayo ningempendekezea mtu anayesafiri mara kwa mara na diski yake. Ya tatu naziweka pamoja WD Elements na Toshiba Canvio Basics: ni diski nzuri, ilimradi zikae mezani na waya wake usivutwe. Chini yake iko WD My Passport, kwa sababu modeli zake nyingi husimba data, yaani huigeuza kuwa ya siri, ndani ya kibao hata kama hukuweka nywila, na hilo humwongezea fundi ugumu juu ya ugumu. Samsung T7 haina sahani zinazozunguka na huvumilia kuanguka, lakini bei yake kwa kila gigabaiti iko juu, na chipu zake zikifa si kazi ya fundi wa mtaani.

Kwa mwenye fedha kidogo, diski iliyotolewa kwenye kompyuta na kutiwa katika kasha jipya inafaa, mradi uikague kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo, uone imefanya kazi saa ngapi na kama ina sekta mbovu, yaani sehemu zilizoharibika. Vile vidude vinavyouzwa kwa jina la SSD (diski ya chipu kama ile T7) ya terabaiti 16 kwa bei ya flashi usivinunue kamwe: ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, na ukishapita uwezo wake halisi mafaili huharibika kimyakimya. Programu ya H2testw huvifichua.

Bei siandiki, kwa kuwa hubadilika kila mzigo unapoingia, na kwetu huongezwa nauli ya kutoka Dar es Salaam, jambo ambalo silipingi. Ninalolipinga ni muuzaji anayetoza nauli hiyo kisha anamkataza mteja asichomeke diski dukani, eti boksi likifunguliwa limeuzika. Chomeka mbele yake, utikise waya kwa upole, na kompyuta ikitoa mlio wa kukatika, mrudishie. Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na umwombe aandike juu yake namba ya diski, kwa maana garanti isiyo na maandishi huishia mlangoni. Akikwambia mashine ya risiti ni mbovu, nenda duka la pili. Na ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia jambo hilo.