Nimetumia mshauri wa kulipia kuomba masta Ujerumani, uzoefu wangu

Tuanze na hela maana ndo kila mtu ananiuliza. Nimelipa laki mbili na nusu kwa M-Pesa, nusu mwanzoni nusu kazi ilipoisha, kwa kuchagua kozi, kupitia CV na barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unaomba. Ni mdada Mtanzania anasoma PhD hukohuko Ujerumani, ofisi hana, kila kitu WhatsApp na imeili. Najua kuna mtu atasema mbona mjini kuna maofisi yanafanya bure, ndio yapo, na mi nilianzia huko.

Hiyo bure sasa. Nilipokelewa vizuri, kiyoyozi, maji ya kunywa, kaka kavaa tai, akaniwekea mezani karatasi ya vyuo vya Uingereza na Malaysia kabla hata sijasema nataka kusoma nini. Nikamwambia nataka mambo ya maji, tena Ujerumani, akasema Ujerumani lugha itakusumbua bana, nenda Uingereza mwaka mmoja tu umemaliza. Mwaka mmoja kweli, ila hilo la lugha aliniingiza chaka, masta za Kiingereza Ujerumani zipo kibao. Ukweli ni kwamba mawakala hawa wanalipwa na chuo, ukishalipa ada wao wanakatiwa asilimia yao, na vyuo vya serikali Ujerumani vingi havitozi ada, sasa asilimia ikatwe kwenye nini? Sisemi ni matapeli. Kama mzazi ana hela na unachotaka ni admisheni na viza watakufaa sana, karatasi wanazijua. Ila kama unawinda skolashipu pale unapoteza nauli.

Huyu mdada kitu cha kwanza kuniuliza ni chuo nimemaliza mwaka gani, nikashangaa inahusu nini. Kumbe skolashipu za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, zile za EPOS za kozi za mambo ya maendeleo, wanataka uwe na uzoefu wa kazi angalau miaka 2, na digrii yako kwa kawaida isiwe imezidi miaka 6, na mi nilikuwa naelekea ukingoni huku najipangia niongeze uzoefu kwanza afu niombe baadae. Yule kaka wa tai mwaka wa kumaliza hakuuliza kabisa.

Afu barua. Yangu ilikuwa inaanza na toka utotoni nimekuwa na ndoto, akafuta aya nzima, akaniachia voisi ndefu anauliza we pale kazini siku ya kawaida unafanya nini, maana DAAD wenyewe wanataka barua iguse kazi unayofanya sasa hivi. Nikamwambia tunapima visima Kigamboni, vingine vimegeuka chumvi, watu wakivuta maji sana bahari inaingia chini kwa chini. Akasema sasa hiyo ndo barua, chukua kisima kimoja, ulipima nini, ukakuta nini, na nini ulishindwa kujua. Hilo la mwisho lilinitoa jasho. Namba za chumvi ninazo kwenye daftari, lakini maji ya chumvi yamefika wapi huko chini na mwakani yatakuwa wapi hapo sijui, na kozi niliyochagua ina somo la kumodeli maji ya chini ya ardhi, yaani kukadiria kwa kompyuta yanaelekea wapi, basi sababu ya kuomba ikawa imejileta yenyewe. Yeye hakuandika hata sentensi moja, nilimbembeleza akagoma.

Kasoro anazo. Kujibu anachelewa, ukimtumia Jumatatu akiwa kabanwa na maabara yake unaweza pata jibu Ijumaa, na kama dedilaini iko karibu presha inapanda kwelikweli. Na CV kuiweka kwenye bei mi sijapenda, ile ni fomu ya Europass tu, unajaza mwenyewe mtandaoni bure, hapo angepunguza.

Wale wa Instagram wa skolashipu uhakika asilimia mia wapiteni mbali. Kuna mmoja aliniambia barua anaandika yeye na referii nisihangaike, nimpe majina ya malekcha tu atawafungulia Gmail feki ajifanye ndo wao. Jamani! Chuo kikishtuka jina linalochafuka ni lako na la lekcha wako, yeye keshabadilisha akaunti. Wengine wanatoza hela ya fomu ya Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wakati kuomba Chevening ni bure. Na kama unaenda Marekani kuna EducationUSA, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje yao, ushauri hulipii, anzia hapo kabla hujamtumia mtu hela.

Admisheni nimepata, skolashipu nasubiri majibu. Kama mshauri wako ni wa aina ya huyu mdada nenda na rasimu yako mkononi hata kama ni mbovu, na mwambie mapema tarehe ya mwisho ni lini, ukienda mikono mitupu atakwambia tu kaandike kwanza afu urudi.